Mpango wa Maji wa Bonde Uanzie Kwenye Banio

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye kijito kimojawapo kinachoingia Mto Kikuletwa, katika Bonde la Pangani, na kazi yetu kubwa ilikuwa kutekeleza mpango wa usimamizi wa maji ulioandaliwa na wataalamu walioijua kazi yao. Kwa kiongozi wa jumuiya aliyekabidhiwa mpango wa namna hiyo na asiyejua aanzie wapi, ushauri wangu ni kwamba aanzie kwenye banio, pale mfereji unapochukua maji mtoni, tena wakati wa kiangazi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kugawa maji kwa kufuata wastani wa mwaka. Aprili, masika yalipokolea, kila mfereji ulijaa na mgawo wetu ukaonekana wa haki. Lakini ilipofika Septemba vibali vya kutumia maji tulivyokuwa navyo vilizidi maji yaliyokuwemo mtoni, na mashamba ya mwisho wa mfereji yalikaa wiki tatu bila zamu, mahindi yakanyauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Tangu hapo tulipiga hesabu kwa mwezi mkavu kuliko yote, na kilichozidi miezi mingine tukakihesabu kuwa nyongeza.

Kibali huandikwa kwa lita kwa sekunde, kipimo ambacho mkulima aliyesimama na jembe begani hana namna ya kukiona. Kwa hiyo tulimwomba fundi wa vipimo atusaidie kusimika rula ya chuma kwenye ukuta wa banio, tukapaka mstari mwekundu pale ambapo maji yakifika mfereji umeshachukua haki yake. Asubuhi moja mama mmoja wa kijiji cha chini alipanda hadi pale, akautazama mstari, akapima kwa vidole maji yaliyouzidi, akamwambia mgawa maji: "Shusha geti, mwanangu, hivi vidole vitatu ni vya kwetu." Kijana akashusha. Miaka yote ya nyuma jambo kama hilo lingeishia kwenye ugomvi wa mapanga.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa maji ya mto wenyewe. Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo kilimo na mengineyo. Lakini kwa mkulima mwenye shamba kavu, maji yanayoachwa yapite yanapotea bure. Mikutano haikutusaidia sana. Kilichosaidia ni kuwapeleka wagawa maji wetu katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako Kikuletwa humwaga maji yake, wakati wa ukame, wakaona wavuvi wakiburuta mitumbwi juu ya tope lililopasuka, wakaelezwa kwamba maji hayo hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Hale na kuizuia chumvi ya bahari isipande mtoni kule Pangani.

Zamu za usiku, ambazo ndizo zenye wizi, zilindwe na watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Na mstari ule mwekundu hufutwa na matope: kila Juni tuliupaka upya mbele ya wawakilishi wa vijiji vyote, na aliyeshika brashi alikuwa mtu wa kijiji cha mwisho.