Kabla hujalipia chapa ya G.IACOB, kigeuze kiti kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja wa Lyon kaniandikia, kaona kiti cha mikono mnadani, chini kimegongwa chapa G.IACOB, anauliza achukue mkopo akinunue? Nilistuka kwelikweli, maana herufi hizohizo zilishaniliza.

Mi ni fundi makochi hapa Paris, navisha upya viti vya zamani, na ndoto yangu siku zote ilikuwa nipate hata kimoja cha kifalme. Fundi Georges Jacob alimtengenezea viti Marie-Antoinette, malkia wa Ufaransa, na chapa yake J inaandikwa I. Enzi hizo chama cha maseremala kiliwataka mafundi wagonge majina yao kwenye mbao. Vya Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, unaweza kukuta pia W yenye taji. Halafu yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, 1793 hadi 1794 vyombo vya Versailles vikauzwa mafungu zaidi ya 17,000, vikatawanyika kila mahali, kwa hiyo muuzaji akikwambia kiti kilitoka kwenye banda la bibi yake unaamini tu. Na mimi niliamini. Nikatoa euro 4,000, hela niliyokuwa naiweka ya kujenga nyumbani.

Nikafumua kitambaa. Kiti kilichokaa miaka 200 na kitu kimeshavishwa mara nyingi, kila mara kinapigwa misumari, fremu inabaki na matundu kama chujio. Changu kilikuwa na mstari mmoja tu wa matundu! Alama za msumeno nazo zimepinda upinde, yaani msumeno wa duara wa mashine, wakati Jacob mbao zake zilipasuliwa kwa mkono. Nilikaa chini nikashindwa hata kula. Simu ya muuzaji haikupokelewa tena na mpaka leo inaniuma, maana hii ndio kazi yangu.

Sasa nisikilizeni jamani, chapa peke yake sio ushahidi, mtu yeyote mwenye chuma na nyundo anaigonga. Versailles yenyewe iliuziwa viti feki, na Juni 2025 mahakama ya Pontoise ikawatia hatiani Bill Pallot, mtaalamu mkubwa kabisa wa viti hivi, pamoja na fundi Desnoues. Kigeuze kiti. Omba kitambaa kifunuliwe, akikataa ondoka. Kama kuna namba ya ghala la vyombo vya mfalme itafutwe kwenye madaftari yake, yapo kwenye nyaraka za taifa za Ufaransa, na maelezo ya daftarini yafanane na kiti ulichokishika. Na usinunue siku hiyohiyo uliyokipenda, hiyo tamaa ndio wanayoiuza!

Dogo jana katuma picha za chini. Matundu yako mengi, ya zamani kweli, ila namba hakuna wala taji. Nimemwambia wakikubali bei ya kiti cha kawaida cha kukalia achukue, nitamvishia mwenyewe bure. Mkopo hapana.