Romeo si mtu wa kununa

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako. Kumbe mwelekezi wa mchezo wenu wa Romeo na Juliet hapo Nakuru anataka Romeo wako awe mkimya, uso ameukunja, macho anayatupa mbali, eti wasichana wanapenda hivyo. Nawe unaniuliza kama shujaa wa mapenzi ni lazima anune.

Hapana. Huyo wa kununa alizaliwa baadaye sana. Shakespeare alimwandika Romeo katika miaka ya 1590. Yule bwana mwenye siri kifuani, anayezurura nchi za watu akiwa ameichoka dunia, alivuma mwaka 1812, mshairi Mwingereza Byron alipochapisha sehemu za kwanza za shairi lake refu, Childe Harold. Wasomaji wakasema mshairi na mhusika ni mtu mmoja, ijapokuwa mwenyewe alikana. Alipofia Ugiriki mwaka 1824, alikokwenda kuwasaidia Wagiriki waliopigana na Waturuki, hadithi ikakolea zaidi, ingawa kilichomuua ni homa, si risasi. Tangu hapo kila mwanamume wa sinema anayeegemea mlango bila kusema neno anakula urithi wa Byron. Hata wale wa tamthilia za Mexico tuliokuwa tukiwatazama sebuleni, wewe ukijifanya unasoma.

Romeo ni mtu wa maneno. Anaingia akimlilia Rosaline, msichana asiyepewa hata sentensi moja ya kusema. Usiku uleule anamwona Juliet, na Rosaline kwisha habari yake! Halafu soma tena pale penye roshani. Romeo anaanza kuapa kwa mwezi, Juliet anamkatiza: usiape kwa mwezi, haukai hali moja. Na ni huyo binti, ambaye hajatimiza miaka 14, anayeleta habari ya ndoa: kama nia yako ni njema, kesho nipe jibu. Wewe ukinuna hapo, mtoto wa watu ataonekana anaongea na ukuta.

Huku kwetu tunaye Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Wajaluo. Kuanzia Ahero hadi Muhoroni utasimuliwa jinsi mwili wake ulivyokuwa jiwe, mikuki ya Wanandi ikidunda tu. Mimi vita vyake havinishughulishi. Kinachonishika ni pale alipougua, mke wake Mnandi akataka kumchanja ampake dawa, wembe ukakataa kupenya. Akamwambia: chanja kivuli changu. Akachanja, damu ikatoka. Mke akapeleka habari kwao, na katika vita vilivyofuata Wanandi wakakipiga mkuki kivuli, naye akafa. Siri hiyo haikuibwa na mpelelezi. Aliitoa mwenyewe, nyumbani, kwa mkewe. Angenyamaza angeishi, lakini nani angemsimulia leo?

Umesema pia kwamba tukio la mwuza dawa limekatwa kwa sababu ya muda. Mwombe mwelekezi, kwa adabu, alirudishe, hata kama itabidi mpunguze zile panga. Romeo keshaambiwa Juliet amekufa. Anakwenda kwa mwuza dawa wa Mantua, maskini aliyekonda hadi mifupa, dukani mna kobe aliyetundikwa na makasha matupu. Anamtolea dukati 40, sarafu za dhahabu, kwa sumu. Mwenye duka anaogopa, kwani sheria ya mji ni kifo kwa anayeiuza, ila njaa inamshinda. Romeo anamwambia dhahabu ndiyo sumu mbaya zaidi, kwa hiyo hapa muuzaji wa sumu ni yeye Romeo. Kisha mtu huyo, anayekwenda kujiua, anamwagiza mwenzake akanunue chakula apate mwili kidogo.

Hapo ndipo mimi nampenda Romeo, kuliko kwenye roshani. Mtu aliyenuna hawezi kuona mbavu za mwenzake.

Nipigie Jumapili jioni tulisome tukio hilo kwa simu. Mimi nitakuwa mwuza dawa, na bei sipunguzi.

Mama yako,
Kisumu