Picha nyeusi na nyeupe kutoka na ukijani

Huo ukijani unaouona kwenye picha nyeusi na nyeupe uliyochapisha, ukiwa dirishani, halafu chini ya taa picha inageuka kama zambarau, si macho yako. Printa yenye wino mweusi mmoja tu hutengeneza kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta na njano, na mwanga ukibadilika mchanganyiko huo nao unabadilika sura. Kwa hiyo tafuta printa yenye wino wa kijivu, mmoja au miwili, pamoja na mweusi, na uchapishe kwa modi yake ya nyeusi na nyeupe, si ya rangi. Wino uwe wa pigimenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka. Wa dai, yaani wa rangi iliyoyeyushwa, hufifia upesi zaidi.

Kwenye karatasi ndipo wengi wanapokwama. Printa nyingi za pigimenti zina wino mweusi wa aina mbili: mmoja wa karatasi inayong'aa au barita (karatasi ya picha yenye tabaka la madini meupe), mwingine wa karatasi isiyong'aa. Ukiweka ule wa kung'aa kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, nywele na vivuli vinatoka rangi ya majivu. Ukifanya kinyume, wino unakaa juu juu, pitisha kidole uone kinavyochafuka.

Barita inakupa weusi mzito kuliko pamba. Hata hivyo picha za sura mimi nachapisha kwenye pamba, haiakisi taa, na weusi wake mpole unanitosha. Karatasi nyeupe pee iangalie vizuri: weupe huo mara nyingi ni wa ving'arisha, yaani kemikali za kuongeza weupe, vikichoka inaanza kuwa njano.

Usiihukumu picha ikiwa mbichi, iache usiku kucha ikauke.