Kupandisha barua, picha na majina ya ukoo mtandaoni: unaruhusiwa nini?

Mkuu, umesema una boksi la barua za babu, picha za harusi na daftari la majina ya ukoo, unataka kuvipandisha vyote, na hoja yako ni kwamba vimo mikononi mwako. Ukoo wetu umenikabidhi mimi kazi ya kutunza kumbukumbu, na jambo hili tumelibishania sana, kwa hiyo nivumilie.

Karatasi ni yako, maneno huenda si yako. Hakimiliki ya barua hubaki kwa aliyeiandika, na akifa huenda kwa warithi wake. Barua ambazo babu alitumiwa na rafiki yake zina warithi wengine kabisa, hata kama hawajui kuwa zipo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka mwandishi alindwe maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Umoja wa Ulaya umefika 70. Kwenye picha, mara nyingi mwenye haki ni mpiga picha, wala si bwana harusi, ingawa zipo sheria zinazompa aliyeagiza na kulipia. Geuza picha uone kama nyuma kuna muhuri wa studio.

Tarehe za kuzaliwa, majina ya wazazi na mahali pa kuzikwa ni taarifa tupu, hazina hakimiliki. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1991 katika kesi ya Feist, iliyohusu kitabu cha namba za simu. Ila kama skani umeipata kwenye hifadhi ya nyaraka, soma masharti yao kwanza.

Kwangu mimi uzito uko kwa walio hai. Sheria ya data binafsi ya Ulaya, GDPR, haihusu marehemu (Denmark imeongeza miaka 10 baada ya kifo). Mti wa ukoo unaoutunza nyumbani kwako hauguswi. Ukiuweka wazi kwa kila mtu, kinga hiyo huipati: Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua hivyo mwaka 2003, chini ya sheria iliyotangulia GDPR, katika kesi ya Lindqvist, ambapo mtu aliweka habari za wenzake wa kanisani mtandaoni.

Na marehemu huwafichua walio hai. Ukiandika kwamba bibi alikufa kwa ugonjwa wa kurithi, umewataja wajukuu. Vinasaba ndiyo zaidi: mwaka 2018 polisi wa California walimfikia mtuhumiwa wa mauaji ya zamani kupitia ndugu zake wa mbali waliokuwa kwenye GEDmatch, tovuti ya kulinganisha vinasaba.

Kwetu shangazi mmoja alikataa ndoa yake ya kwanza ionekane. Wapo walionuna, eti tunaficha historia. Tuliiacha kwenye nakala ya nyumbani, mtandaoni akabaki "yu hai", bila jina wala tarehe. Sikuona hasara yoyote, hasa ukikumbuka kwamba zipo benki zinazouliza jina la ukoo la mama kama swali la usalama.

Ningekuwa wewe ningeanza na barua alizoandika babu mwenyewe, maana warithi ni ninyi na binamu zako. Waombe ridhaa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kuhifadhiwa. Barua za yule rafiki zisubiri mpaka umpate mtoto wake. Kwenye daftari, pandisha waliokufa tu.