Java kuuawa na seva bila OutOfMemoryError: tazama nje ya hipu

Mkuu, unasema programu yako ya kupokea mazao pale Kibaigwa inazimika yenyewe soko likichangamka, seva ina RAM ya GB 2, umeweka -Xmx2g (hipu, yaani kumbukumbu Java inakoweka vitu vya programu, ifike hadi GB 2), na kwenye logi hakuna OutOfMemoryError, kosa la Java kuishiwa kumbukumbu, hata moja. Huko kukosekana ndiko kunakokupa jibu. Java ikiishiwa hipu hulalamika. Hapa RAM ya seva imeisha na Linux imeiua kabla haijafungua mdomo. Piga dmesg (amri ya kuonyesha ujumbe wa Linux), utaikuta java kwenye mstari wa "Killed process".

-Xmx inaiwekea mpaka hipu tu. Nje yake kuna Metaspace inakokaa taarifa za klasi, ambayo tangu Java 8 (2014) haina kikomo usipokiweka. Kuna steki: kwenye Linux ya biti 64 kila uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) hutengewa hadi MB 1. Kuna msimbo uliozalishwa na JIT (kinachogeuza programu kuwa lugha ya mashine wakati inaendeshwa), bafa za mtandao, na GC (mfagiaji wa kumbukumbu isiyotumika tena) nayo ina daftari zake. Hapo bado database ya MySQL, ambayo nina hakika iko seva hiyohiyo, maana bajeti zetu Dodoma tunazijua. -Xmx2g kwenye RAM ya GB 2 ni lumbesa.

Mimi kwenye mfumo wa ghala la alizeti, seva ya ukubwa huohuo na database palepale, naweka -Xmx900m na inapumua. Usipoandika kitu, Java yenyewe hujipa robo ya RAM.

Ila usishushe -Xmx kabla hujajua kama kumbukumbu inavuja, yaani vitu vinarundikana bila kuachiliwa. Washa -Xlog:gc (Java 9 kwenda juu) uone logi ya GC, na usihangaike na kilele cha matumizi. Vitu vipya huzaliwa Eden, sehemu moja ya hipu, vingi hufia hukohuko, vichache vinavyodumu huhamia sehemu nyingine, kizazi kizee. Tazama kinachobaki baada ya kizazi kizee kusafishwa. Kwenye mfumo tuliorithi sisi kiliongezeka kila siku ya mzigo, hakishuki: HashMap (jedwali) ya static, inayodumu muda wote programu inaendeshwa, kila kipimo cha mzani kinaingizwa, hakuna anayetoa. GC haigusi kitu ambacho bado kimeshikwa. Halafu uzito wote ulihifadhiwa kama Integer, baiti 16 kila moja kwa sababu ya kichwa (taarifa za kitu chenyewe) cha baiti 12, wakati int tupu ni baiti 4.

Waliokushauri utumie ZGC, aina nyingine ya GC, wasamehe. Kwa hipu ndogo hivyo Serial, GC rahisi zaidi, inatosha kabisa.

Tuwekee logi ya GC ya siku ya soko, tuisome.