Baba amestaafu na anashinda kitini: afanye mazoezi gani?

Mwanangu, umeuliza mazoezi gani yanamfaa baba yako wa miaka 68, aliyeacha kazi ya ofisi na sasa anashinda mbele ya televisheni, hata maji ya kunywa analetewa na wajukuu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 73, naishi Bukavu huku Kadutu. Nakujibu kwa yale ninayoyaishi.

Kabla ya mazoezi yoyote, acheni kumnyang'anya kazi. Najua mnafanya kwa heshima. Kwetu mzee akiinama tu kuokota kitu, watoto wanamkimbilia: "Baba, acha, pumzika!" Lakini misuli isiyotumika hupungua, na uzeeni hupungua upesi zaidi, hasa ya mapaja. Mzee asiyeweza kuinuka bila kushikwa haendi tena misa, haendi matanga, hamtembelei rafiki. Moyo nao unapoa.

Nina mwenzangu niliyefundisha naye, alikuwa nguzo ya sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Wanawe walimpenda mno. Hata kahawa alipewa mkononi. Ngazi za kanisa zikamshinda, akaacha kwaya. Alipoacha kwaya akaacha na kujipamba, yule mama wa vitenge vilivyopigwa pasi! Tulimrudisha polepole, tukimpitia nyumbani na kutembea naye, siku za mwanzo hadi kona tu, tunapumzika, tunarudi. Leo yeye ndiye anawafundisha vijana sauti, nao wanamngoja. Mtu anayengojwa mahali huamka mapema. Hilo hakuna dawa ya duka inayolifanya.

Sasa mazoezi. La kwanza ni la kiti. Achukue kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, miguu sakafuni, mikono kifuani. Ainuke, kisha akae polepole, asijiachie akaanguka kitini. Ule ushukaji wa polepole nao unajenga mapaja. Akishindwa, wekeni mto mgumu juu ya kiti ili kiinuke kidogo, au ajisaidie kwa mikono mpaka nguvu irudi. La pili, asimame kwa mguu mmoja akishika meza, abadilishe. Mimi nafanya hivyo asubuhi nikingoja maji ya chai yachemke, mbali na mbabula, jiko letu la makaa.

OMS, Shirika la Afya Duniani, inashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na kwa sisi wa miaka 65 kwenda juu inaongeza mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi, ili tusianguke. Asiogope hesabu hiyo. Aanze na kidogo. Akitembea, kipimo ni pumzi: awe anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Mji wetu ni vilima vitupu, na wengi wanaogopa kupanda. Mimi naogopa kushuka. Kupanda kunachosha tu, lakini wazee wengi ninaowajua walianguka wakiteremka, njia ikiwa tope baada ya mvua. Fimbo si aibu. Kandambili zibaki nyumbani, avae viatu vinavyoshika ardhi.

Kuhusu chakula nitasema machache. Bugali pekee haujengi misuli; kila siku apate maharagi, mayai au sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sambaza wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo mzee anapata kalisi pia. Makayabu, samaki wa chumvi, myaloweke, mmwage maji, mrudie tena, maana chumvi ile inapandisha tansiyo, yaani shinikizo la damu.

Na tansiyo yenyewe ipimwe kabla hajaanza, kwa sababu mara nyingi haiumi wala haionyeshi dalili. Kama anameza vidonge vyake, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame. Akisikia kifua kinabana, au pumzi inakata bila sababu, aache zoezi na apelekwe kwa daktari mara moja.

Ila hukutuambia jambo moja ambalo kwangu ni kubwa: kabla ya ofisi kumchukua, baba alipenda nini? Bustani, mpira, kushona, kuimba, kusoma? Muulize jioni hii, televisheni ikiwa imezimwa, halafu urudi utuandikie. Huku Kadutu, Bagira na Ibanda hatukosi wazee wenzake wa kumpitia.