Kweche anasuka kiota, anafuma au anajenga?

SWALI: Katika makala kuhusu ndege aitwaye kweche niliandika "kweche dume hufuma kiota chake". Mwenzangu akafuta "hufuma" akaweka "hujenga", kwamba ndege hana kitambaa wala nyuzi. Nani yuko sahihi?

JIBU: "Hujenga" si kosa, ila ni neno butu. Mwewe hujenga, mbayuwayu naye hujenga kwa tope. Msomaji hataona kweche anachofanya.

Mtazame dume akiwa kazini kwenye nyasi ndefu. Hung'ata ukingo wa jani la nyasi, kisha huruka nalo likichanika, akabaki na ukanda mwembamba mdomoni. Huo ukanda ni chane, kama za msukaji mkeka. Huuzungusha kwenye mabua mawili yaliyosimama, akatengeneza pete, halafu huongeza chane juu ya chane, akizipenyeza na kuzivuta kwa mdomo, mpaka pete inakuwa chumba cha mviringo chenye mlango ubavuni. Jike huja baadaye kutandika ndani.

Sasa tuangalie vitenzi. Tunafuma kwa uzi: kitambaa, sweta. Tunasuka kwa chane, ukindu au nywele: mkeka, kikapu, kichwa cha mtu. Kwa kuwa kweche hana uzi, mimi ningeandika "husuka". Hata hivyo "hufuma" limeshazoeleka kwa ndege wa jamii hii, nami nisingelifuta kwenye makala ya mtu. Waliompa jina la kisayansi nao waliona usukaji: Euplectes limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "vizuri" na "msukaji".

Umeniacha na jambo jingine, ingawa hukuuliza. Katika makala yako uliandika "kweche nyekundu". Kweche ni kiumbe hai, kwa hiyo ni kweche mwekundu, kweche wekundu, "makweche" usithubutu. Nyekundu ni rangi yake, na manyoya yake ni mekundu. Tena mwekundu huyo ni dume peke yake, na ni wakati wa kuzaana tu. Msimu ukipita hurudia rangi ya kahawia yenye michirizi, akafanana na jike hata usimtambue. Kwa hiyo sentensi yako "kweche wote ni wekundu mwaka mzima" ina sarufi safi, lakini ifute.